Picha zangu za sura zinafanana na za kila mtu hapa Dodoma. Mtindo wenu mliupataje?

Kijana_wa_Makole

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni mpiga picha hapa Dodoma mjini. Nina chumba Makole nimekigeuza studio. Kinachoniweka mjini ni pasipoti saizi, mahafali ya UDOM, send-off, na wale wanaokuja wakati Bunge linakaa, wanataka picha ya kuweka kwenye wasifu. Nashukuru Mungu, kodi inalipika.

Kinachonisumbua ni kingine. Nilichanganya picha zangu na za wenzangu wawili wa hapa mjini kwenye simu, nikampa dada yangu achague zangu. Alishindwa, na mimi mwenyewe ningeshindwa kama nisingewajua wateja. Nyuma kumefifishwa vilevile, ngozi imelainishwa mpaka kovu la utotoni limepotea, na kila kitu kina rangi ya chungwa iliyotoka kwenye programu moja ya kuhariri ambayo wote tunaitumia.

Kamera yangu ni ya mkono wa pili, lenzi ni milimita 50. Sitaki ushauri wa kununua vifaa. Nauliza mtu anafikaje mahali ambapo picha yake inajulikana ni yake hata bila jina kwenye kona. Na hamasa mnaitoa wapi katika mji kama huu, mkavu, usio na bahari wala majengo ya kale kama Zanzibar?

Mwanga_wa_Barazani

Marahaba mdogo wangu, na mbukwenyi wana Dodoma wote.

Nina studio karibu na Soko la Majengo, na nimepiga sura za watu tangu enzi za filamu. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu limenigusa. Anayesema Dodoma haina cha kupiga anatafuta mandhari, na wewe kazi yako ni nyuso. Simama asubuhi kwenye kituo cha daladala za Mtumba uangalie foleni. Tangu serikali ihamie huku, mji huu una Mgogo, Mrangi, Mhaya, Mmakonde na Mpemba kwenye basi moja, wa kijijini na wa wizarani. Mji upi mwingine unakuletea nyuso zote hizo mlangoni kwako?

Halafu kuna mwanga. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Oktoba karibu hakunyeshi kabisa. Hewa ni kavu na jua linakata kama wembe. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa: nyusi zinayafunika macho kwa kivuli, pua inaangusha weusi mdomoni. Wengi wanapambana nalo kwa flashi. Mimi nililikimbilia barazani, na huko ndiko nilikopata nusu ya kazi yangu.

Mkalishe mtu ndani kidogo ya kivuli cha baraza, karibu na pale kivuli kinapoishia, uso ukitazama nje. Jua lenyewe halimgusi. Linalomfikia ni mwanga unaorudi kutoka uwanjani, kwenye ukuta wa jirani na angani, nao ni mpana na mlaini. Ila udongo wetu ni mwekundu, kwa hiyo mwanga unaopanda kutoka chini unapaka wekundu chini ya kidevu na ndani ya pua. Angalia picha zako za nje utauona. Tandika shuka jeupe chini mbele ya miguu ya mteja, wekundu unaondoka na macho yanapata nukta ya mwanga kwa chini. Siku nyingine nauacha wekundu huo makusudi, hasa kwa mtu wa shamba, maana ndiyo rangi anayoishi nayo. Uamuzi kama huo, ukiurudia kwa sababu unazozijua mwenyewe, ndio unaoanza kuonekana kwenye picha zako bila wewe kulazimisha.

Sasa nikuambie langu lilitoka wapi. Alikuja bibi mmoja kutoka Mvumi. Mjukuu wake yuko mbali na alitaka picha yake. Alikuwa na kaniki, shanga shingoni, na masikio yaliyotobolewa na kuvutwa kama walivyofanya Wagogo wa zamani. Mkwewe aliyemsindikiza alitaka tumfunge kilemba tuyafiche masikio. Bibi hakumjibu. Akanionesha alichobeba kwenye kanga: ngoma yake ya muheme. Akasema mjukuu hajawahi kumwona akipiga.

Nikamkalisha kwenye kigoda barazani. Akaibana ngoma katikati ya mapaja kama wanavyofanya akina mama wa Kigogo wakicheza muheme, akaweka mikono juu ya ngozi ya ngoma, akatulia. Nilikuwa nimejiandaa kupiga uso, kichwa na mabega, kama nilivyokuwa nikimpiga kila mtu. Nilipochungulia kwenye kamera niliona kwamba uso wake na mikono yake vilikuwa vinasema jambo moja. Vidole vimetanuka, kimoja kimepinda kwenye kifundo, kucha zimeisha kwa jembe, na uso wake una utulivu wa mtu anayesubiri zamu yake ya kupiga. Nikarudi nyuma hatua mbili mikono ikaingia.

Tangu hapo sikati mikono. Akija mbunge, mikono inaonekana. Akija binti wa mahafali, namuuliza mikono yake huwa inafanya nini akiwa nyumbani, na jibu lake linaniambia nimkalisheje. Watu hapa mjini wanazitambua picha zangu kwa hilo. Sikulitafuta kwenye simu, nililetewa na mteja, kazi yangu ilikuwa kulikubali.

Ukitaka walimu, anza na Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio mwaka 1948, akapigia uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Baadaye akawa anabadilisha mapazia kila baada ya miaka michache, na yeye mwenyewe aliweza kukumbuka picha ni ya lini kwa kutazama maua ya pazia. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alimpiga mtu mara moja tu. Kabla ya ile moja alihangaika sana na namna mtu anavyogeuza bega, anavyoweka mkono. Aliweka pale suti, saa, redio, hata pikipiki aina ya Vespa, mteja achague anataka aonekane nani. Nakusihi uzitazame picha hizo taratibu. Maua ya gauni yanakutana na maua ya pazia na bado uso haupotei. Mwenzetu alifanya hayo uani, kwa jua lilelile tunalolipata sisi bure.

Na usiseme majengo ya Zanzibar tu, kuna wapiga picha wake pia. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930, kisha mwanawe akaiendeleza. Ukipata nafasi ya kuvuka, ingia uone nyuso za watu wa zamani zilivyopigwa.

Fundi_Harusi_D

Dada hapo juu ameongea ya maana na namheshimu. Lakini tuongee na soko. Mteja wa Dodoma anataka ang'ae. Ukimpelekea picha yenye kovu na mikono yenye sugu anakuambia umemzeesha, halafu anaenda kwa jirani. Mimi mwenyewe nalainisha ngozi na kuipandisha rangi kidogo, nina familia. Mtindo unauzwa kwa nani?

Mwanga_wa_Barazani

Ndugu yangu, familia kwanza, hilo halina ubishi. Na chunusi ya wiki hii mimi naiondoa, kwa sababu wiki ijayo haitakuwepo. Kovu na alama ya kuzaliwa siondoi mpaka mwenyewe aombe.

Lakini kupandisha rangi ya ngozi ya mtu siwezi kukunyamazia. Wateja wengi hawachukii weusi wao. Wanachukia picha iliyopimwa vibaya, ambayo uso umekuwa bapa, kijivu, hauna umbo. Kamera inajaribu kusawazisha kila kitu kifike kwenye kijivu cha wastani, kile kinachoitwa cha asilimia 18. Mvalishe mtu mweusi kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, uso unazama. Huyo unayemng'arisha kwenye programu usiku, ungempimia mwanga usoni mchana usingehitaji kumgusa. Bibi wa kaniki ni kinyume chake, kamera iliona giza ikataka kuongeza, ngozi yake ingegeuka vumbi. Nikapunguza kwa mkono.

Kuna la kihistoria pia. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ilikuwa ndiyo kipimo, ngozi zetu zikatoka zilivyotoka. Wazazi wetu walikua wakiona sura zao zimeharibiwa na karatasi wakadhani ndivyo walivyo. Leo kifaa kinaweza kutupiga vizuri kabisa. Inaniuma tukiyafanya yaleyale kwa hiari yetu.

Ngozi nyeusi inachorwa na mng'ao wake. Weka mwanga mpana ubavuni, dirisha linatosha, uone unavyoteleza kwenye shavu, kwenye taya, pembeni mwa pua. Usipake poda mpaka uso uwe mkavu wote. Mtu akiiona sura yake imesimama hivyo, hakuombi umng'arishe. Wangu wengi wanaagiza nyingine kubwa ya ukutani, na hapo soko lipo.

Mzee_wa_Kondoa

Vijana nawasalimu. Nilikuwa na studio Kondoa, sasa nimepumzika, macho hayaniruhusu.

Zamani roli ilikuwa na picha 36. Mtu anakuja kwa miguu kutoka kijijini, amevaa viatu vya kuazima, unampiga moja au mbili, halafu filamu inapelekwa kusafishwa mbali. Anarudi baada ya wiki mbili kuchukua. Ukimharibia umemharibia. Kwa hiyo tulijifunza kuongea naye kwanza. Unamuuliza amepita njia gani, mvua imenyeshaje kwao, mahindi yakoje, mpaka shingo inalegea. Siku hizi naona kijana anapiga picha mia nne kwa saa moja na hajajua mteja ametoka wapi.

Nimpe mleta mada mfano wa mtu wa umri mdogo. Samuel Fosso, mzaliwa wa Kamerun, alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana anapiga pasipoti za watu, kama wewe. Filamu ikibaki na picha chache mwishoni hakutaka zipotee, akawa anajipiga mwenyewe jioni na nguo za fasheni, nyingine akimpelekea bibi yake Nigeria ajue kwamba yu mzima. Picha hizo za mabaki ndizo zilizomfanya ajulikane duniani. Studio ileile, mapazia yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba saa ile hapakuwa na mteja wa kumpendeza. Wewe tenga saa kama hiyo.

Na ukija huku Kondoa panda Kolo ukaone michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna watu warefu, wembamba, vichwa vimepambwa. Hawana macho wala midomo, lakini mkao wao unakuambia huyu anainama, huyu anashikana na mwenzake. Nilikuwa nakwenda pale kujifunza mkao, na nikirudi naukalisha mwili wa mteja kabla sijagusa uso.

Kijana_wa_Makole

Shikamoo mzee, na asante sana dada. Nimesoma yote mara mbili mbili. Nimejaribu barazani kwa mama mwenye nyumba wangu, nikatandika shuka. Ule wekundu nilikuwa siujui kabisa, sasa nauona kwenye kila picha yangu ya nje!

Nataka kuanza na mama yangu mzazi, ana bustani ya zabibu Hombolo na mavuno yanakaribia. Mimi namtaka na nguo zake za shambani, mikono ina utomvu. Yeye amekataa, anasema lazima avae kitenge kipya na wigi, tupigie sebuleni kwenye makochi. Nimlazimishe?

Mwanga_wa_Barazani

Usimlazimishe mama yako. Mpige na kitenge kipya na wigi, kwenye makochi, na uipige hiyo kwa moyo wote, usiifanye ya kumridhisha tu. Anakuambia anavyotaka wajukuu wamjue, na hilo lina uzito kuliko wazo lako la mama wa shambani. Wateja wa Keïta nao walikuja na nguo zao nzuri kuliko zote, na bado unawajua walivyo. Sogeza kochi dirishani, zima taa ya juu, pima mwanga shavuni. Mwache mikono aiweke anapotaka yeye.

Chapisha kubwa, umpe, akae nayo. Wakati wa mavuno nenda kamsaidie kukata zabibu na kamera ibaki kwenye begi asubuhi nzima. Mchana mkipumzika chini ya mti muulize tena. Akikubali, picha ya pili iweke ukutani pembeni ya ile ya kwanza, uzitazame zote mbili kwa siku kadhaa kabla hujahariri chochote. Akikataa, bado una picha nzuri ya mama yako.

Na ukizichapisha zilete Majengo nizione.