Naomba ushauri: maumivu ya neva ya tano (inayobeba hisia za uso) kwa mgonjwa wa TLD

Wakuu, habari za kazi.

Nina mama wa miaka 54, yuko kwenye TLD (kidonge cha VVU chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir) na virusi havionekani kwenye kipimo. Shavu la kulia linampiga kama shoti ya umeme, sekunde chache tu, hasa akipiga mswaki au upepo ukimgusa. Ameshang'olewa magego mawili bila nafuu, kama ilivyo kawaida ya ugonjwa huu. Hisia za uso ziko sawa pande zote, konea (kioo cha jicho) ikiguswa kwa pamba anapepesa, anasikia vizuri, hana malengelenge.

Kabamazepini miligramu 200 mara mbili kwa siku imetuliza sana. Kwa kuwa inashusha dolutegravir mwilini, nimemwongezea dolutegravir miligramu 50, masaa 12 baada ya TLD. Sasa sodiamu ya damu imeshuka hadi 128 na anasinzia mchana. Kreatinini (kipimo cha figo) ni nzuri. Okskabazepini, ndugu ya kabamazepini, siigusi, nayo hushusha sodiamu.

Maswali mawili: nipunguze kabamazepini taratibu huku nikipandisha gabapentini, au baklofeni ni bora kwake? Na picha ya MRI ya kichwa, ambayo mashine yake iko mbali, ifanyike sasa au nisubiri dawa zigome?