Bodi gani ya LoRa kwa tangi la maji Kamulu? Mimi niko Ruai, shambani Kamulu hakuna stima wala waifai

solda_moto
Niaje wasee. Mamangu ana shamba ya sukuma na nyanya Kamulu, na tangi la plastiki limekaa juu ya mnara wa chuma. Mzee anayelinda huko ukimuuliza maji iko anasema iko, kesho unaambiwa nyanya zimenyauka. Sasa nataka nikiwa kwangu Ruai nijue tangi limefika wapi bila kupigia mtu simu. Kutoka hapa mpaka huko laini ya moja kwa moja ni kama kilomita 6 au 7 hivi, ardhi tambarare, ila hizi fleti zinachipuka kila siku.

Nimesoma kuhusu LoRa, ile redio ya kurusha data mbali kwa umeme kidogo, mpaka kichwa kinauma. Nimebaki na tatu: Heltec WiFi LoRa 32 V3, LilyGO T-Beam, na ile RAK4631. Duka moja la elektroniki Luthuli, Nairobi, jamaa ananiambia Heltec inafika kilomita tatu, jirani yake anasema kumi, na ni bodi ile ile! Halafu kuna za frikwensi ya 433, 868 na 915 MHz, na bei inakaribiana. Arduino naijua vizuri, redio ndio sijui kabisa. Nichukue gani?

waya_mbili
Boss anza na frikwensi kwanza kabla ya jina la bodi. Kenya tunatumia mpangilio ule wa Ulaya, 868. Hiyo 915 ni ya Marekani, na hapa kwetu simu za GSM zinarusha kwenda kwa mnara kati ya 890 na 915 MHz, kwa hivyo ukiamka kupiga kelele hapo unaingia shamba la wenyewe. Communications Authority, wale wasimamizi wa mawasiliano, wakikutafuta usiseme hukuambiwa.

Habari njema ni kwamba Heltec V3 inauzwa kwa aina mbili tu, ya 470 mpaka 510 na ya 863 mpaka 928. Hiyo ya pili hata kama karatasi imeandikwa 915 wewe unaiambia 868 kwenye programu inatii. Antena ndio unabadilisha, maana ile ya 915 haijapimwa vizuri kwa 868. Ya 470 usiguse hata upewe bure.

Kuhusu kilomita, hao wa Luthuli wote wanaongea tu. Heltec V3 na RAK4631 zina chipu moja ya redio, SX1262 ya Semtech, inatoa mpaka dBm 22 (kipimo cha nguvu ya kurusha). T-Beam nyingi za zamani zina SX1276 ambayo ni dBm 20, mpya unaweza kupata na SX1262 kwa hivyo uliza. Yaani masikio na mdomo ni karibu sawa, na kisheria kwenye 868 nguvu ya kawaida ni kama miliwati 25 tu, hizo zote zinafika hapo bila jasho. Tofauti yenyewe iko kwa ubongo na tumbo. Heltec na T-Beam zina chipu ya ESP32, ina waifai na inakula moto. RAK ina chipu ya nRF52840, haina waifai, lakini ikilala inalala kweli kweli.

Kwa hivyo mimi ningeweka RAK kwa tangi na Heltec nyumbani kwako kwenye stima, ipokee halafu ikutumie kwa simu kupitia waifai. Zitaongea vizuri, mradi frikwensi, upana wa bendi, SF (spreading factor, ikipanda ujumbe unafika mbali lakini polepole) na ile sync word (namba ya kutambulishana) zifanane. T-Beam achana nayo, GPS ya nini na tangi haliendi mahali?

laini_ya_pili
Kwani mnapenda kuteseka? Weka moduli ya SIM800L, laini ya simu, inatuma SMS tangi likiisha. Kamulu kuna mtandao. Hakuna habari ya antena juu ya nyumba wala fleti kuziba.

waya_mbili
@laini_ya_pili si mbaya, na kama hiyo njia imezibwa kabisa na majengo hata mimi ningeenda hivyo. Lakini SIM800L ikirusha inataka mpaka ampea 2 kwa ghafla, betri ndogo inashuka volti, moduli inajizima, inajiwasha, inajizima. Na laini ukiisahau bila kuweka kredo miezi kadhaa unaweza kunyang'anywa namba. LoRa ukishalipa bodi umemaliza.

bi_antena
@solda_moto acha nikuambie kitu kimoja ambacho watu wa bodi hawapendi kusikia: pesa yako iweke kwa urefu. Kilomita 7 tambarare kwa LoRa si kitu kama antena zote mbili zinaonana, na kilomita moja inaweza kukushinda ukiwa umeweka bodi kwa dirisha la ghorofa ya chini nyuma ya mabati. Upande wa shamba una bahati, mnara wa tangi tayari uko juu. Weka antena kando ya tangi, au ipande juu yake, isijifiche nyuma ya maji. Upande wako panda juu ya paa.

Na usivute waya mrefu wa antena kutoka paa mpaka sebuleni. Hizo nyaya nyembamba za RG174 kwenye 868 zinakula karibu desibeli moja kila mita, ukivuta mita kumi umerudisha nusu ya safari ama zaidi. Bodi yenyewe iende juu ndani ya boksi lisiloingiza maji, karibu na antena, halafu ile inayoshuka chini iwe waya wa umeme. Data si inakuja kwa waifai?

Kabla hujapigilia chochote, fanya majaribio. Bodi moja juu ya paa inarusha kila baada ya muda, nyingine kwa pawabenki, panda boda mpaka Kamulu ukiangalia RSSI (nguvu ya mawimbi yanayofika) na SNR (mawimbi yakilinganishwa na kelele). Usiogope ukiona SNR iko hasi, LoRa inasikia hata chini ya kelele: SF7 inavumilia mpaka karibu -7.5, SF12 mpaka -20. Anza na SF9 au 10. Watu wengi wanakimbilia SF12 wakidhani ni dawa, lakini kila ukipanda hatua moja muda wa kurusha unakaribia kuwa mara mbili, na kwa SF12 ujumbe mdogo wa baiti 20 unapita sekunde nzima hewani. Kanuni ya Ulaya sehemu kubwa ya 868 ni kurusha asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Tangi haliishi kwa dakika mbili, tuma kila dakika 15 inatosha.

Na tafadhali, USIWASHE kurusha bila antena. Nguvu inarudi ndani na inaweza kuchoma redio. Hako kasoketi kadogo ka antena nako usikachomoe kila saa, kametengenezwa kuvumilia kama mara 30 hivi.

solda_moto
Aisee asanteni, hapo kwa waya wa antena mmeniokoa, nilikuwa nimeshaweka mita kumi na tano kwa kikapu. Sensa nilikuwa nafikiria JSN-SR04T, ile ya sauti isiyoingiza maji. Inafaa?

mzee_wa_floti
Kijana, inafanya kazi lakini jua haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 na kitu, kwa hivyo tangi likijaa mpaka mdomo itakupa namba za uongo. Ukiilisha volti 5 pini yake ya echo nayo inatoa 5, na bodi zako zote ni za 3.3, weka rezista mbili za kugawanya ama utazika bodi. Tena mvuke wa tangi la jua kali unashika usoni mwa sensa.

Mimi ningekuuliza, unataka kujua lita ngapi ama unataka kujua maji yanakaribia kuisha? Kama ni hilo la pili, floti mbili za swichi, moja nusu moja karibu na chini. Hazili umeme, hazihitaji hesabu, na bodi inaweza kulala mpaka floti ianguke iiamshe.

solda_moto
Mzee umenimaliza, floti ndio hiyo. Swali la mwisho: nimepigia maduka kadhaa, RAK hawana, Heltec V3 ziko. Nichukue mbili tu?

waya_mbili
Chukua mbili. Zima kioo na ile pini ya Vext (inayolisha umeme vifaa vya nje) kabla ya bodi kulala, usingizi wake si mbaya, ongeza tu sola kidogo. Laibrari tumia RadioLib, ile ya zamani ya LoRa ya Arduino haijui SX1262 na utalia ukidhani bodi imekufa. Pini za redio kwa V3: NSS 8, DIO1 14, RST 12, BUSY 13.

bi_antena
Na soketi ya betri kwa V3 ni ile ndogo ya milimita 1.25, betri nyingi za mtaani zinakuja na ya milimita 2. Ukibadilisha plagi pima kwa mita kabla ya kuchomeka, nyekundu ya muuzaji si lazima iwe chanya ya bodi.

solda_moto
Sawa sawa. Jumamosi Luthuli, Jumapili boda. Nitawaletea RSSI.