Stempu za Urusi ya kifalme: nianze na tai, zemstvo au trizubi?

Bahasha1: Wakuu, habari. Bajeti ni ndogo, nataka mlango mmoja wa kuingilia. Nalinganisha (1) stempu za nembo ya tai, 1889 hadi 1917, (2) stempu za zemstvo, yaani za serikali za mitaa za wilaya, na (3) stempu za tai zilizopigwa juu yake, Ukraine 1918, chapa ya trizubi (mkuki wa meno matatu, nembo ya Ukraine). Ipi ina mengi ya kusoma bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia?

LenziKumi: Tai. Stempu ya buluu ya kopeki 7 (senti za Urusi) peke yake inatosha kukufunza karatasi. Ishike kwa kibano mbele ya taa. Mistari ndani ya karatasi ikilala, ni ya toleo la 1889. Ikisimama, ni ya kuanzia 1902. Usipoona mistari, iinamishe mwanga uteleze usoni: ukikuta wavu wa vanishi wenye umbo la almasi, uko 1908 au baadaye. Na kama pembe za posta (tarumbeta) chini ya tai hazina alama za radi, umeshuka hadi kabla ya 1889.

Kibano: Trizubi mwachie mwenye uzoefu. Stempu za tai ni nyingi na rahisi, kwa hiyo mghushi anahitaji muhuri wa mpira na wino tu. Kagua tarehe kwanza: trizubi juu ya stempu iliyogongwa posta mwaka 1916 ni uongo mtupu, maana chapa hiyo ni ya 1918. Kisha lenzi: wino wa trizubi ukiwa juu ya wino wa posta, rudisha.

MeliZaZamani: Zemstvo msizidharau. Zilianza 1865, kila wilaya na mchoro wake. Zililipia barua ndani ya wilaya tu. Ikitoka nje, ilihitaji pia stempu ya serikali kuu, na bahasha yenye zote mbili ndiyo inayogombaniwa. Mkwaruzo wa kalamu juu yake si kasoro, wilaya nyingi zilifuta stempu hivyo badala ya kugonga muhuri. Ugumu ni katalogi: utakutana na namba za katalogi ya Chuchin, ya 1925.

Bahasha1: Basi tai, na nizitafute juu ya bahasha nzima. Lakini kuna bahasha moja iliyogongwa Berlin 20 Machi 1895, muhuri wa kupokelea St. Petersburg ni 10 Machi. Imefika kabla ya kutumwa?

MeliZaZamani: Iko sawa, mkuu. Urusi ilifuata kalenda ya zamani (ya Julius), iliyo nyuma ya yetu, hadi Januari 1918. Karne ya 19 ongeza siku 12, kwa hiyo ilifika tarehe 22. Kuanzia Machi 1900 ongeza 13. Finland, ingawa ilikuwa chini ya mfalme huyohuyo, ilitumia kalenda mpya. Huko usiongeze kitu.

LenziKumi: Na usiiloweke! Ukibandua stempu, unaitenganisha na muhuri wa kupokelea ulio kwenye bahasha.