Kilugha cha Kiswahili: jina jipya lizaliwe kama Lua, Python au JavaScript?

Fundi_Sakina: Wakuu habari za jioni. Natunga kilugha cha programu chenye amri za Kiswahili, kwa wanafunzi wa sekondari hapa Arusha. Mtu akiandika `jumla = 0` ndani ya fanksheni (kipande cha programu chenye jina lake), hiyo jumla iwe ya fanksheni tu au ya programu nzima? Lugha zilizopo zinatofautiana. Lua: ya wote, mpaka uandike `local`. Python: ya ndani, mpaka uandike `global`. JavaScript ya sasa unatangaza kwa `let`. Na majina ya moduli (vifurushi vya kodi) nitenganishe kwa nukta au `::` kama C++?

Mama_Pasua: Lua achana nayo. Ukikosea ukaandika `jmla = jumla + kilo`, inapokea kimya kimya na kukuundia variabo mpya (jina linaloshika thamani). Umepima kahawa gunia zima, jibu sifuri, na hakuna kosa lililoonyeshwa.

Njiro_Kodi: Shikamoo mama. Hilo hata Python inalo. Tena ina jingine: jumla iko juu ya faili, ndani ya fanksheni unaandika `jumla = jumla + kilo`, unapigwa kosa la UnboundLocalError, yaani jina la ndani limetumika kabla ya kupewa thamani. Ukishaipa thamani popote mle ndani, inahesabiwa ya ndani tangu mstari wa kwanza. Python 3.0, mwaka 2008, wakaongeza `nonlocal` kwa ajili ya fanksheni iliyo ndani ya nyingine. Viraka vyote hivyo ni kwa sababu alama ya `=` inafanya kazi mbili, kuunda jina na kulibadilisha. Zitenganishe: `weka jumla = 0` inaunda, `jumla = 5` inabadilisha, jina lisilotangazwa likataliwe.

Soweto_Moshi: Mtoto wa kidato cha kwanza unamwandikisha `weka` kila mara? Atachoka kabla hajaona matokeo.

Mama_Pasua: Marahaba Njiro. Soweto, herufi nne tu hizo baba!

Fundi_Sakina: Nakubali `weka`. Jina lililoundwa liishie wapi?

Njiro_Kodi: Kwenye bloku, yaani kundi la amri kama zile za ndani ya `if`. `var` ya JavaScript ilikuwa inavuja nje ya `if` na `for`, ndipo 2015 ikaja `let`.

Soweto_Moshi: Moduli tumia nukta. Lugha ya PHP, toleo 5.3, walichukua mkwaju wa nyuma (`\`) kutenganisha majina. Andika `"Kahawa\nauli"` kwenye nukuu mbili uone, `\n` inageuka mstari mpya.

Fundi_Sakina: Nukta basi. Na `i` inayohesabu mizunguko ya kitanzi cha `for`, kitanzi kikiisha ibaki?

Njiro_Kodi: Ife. Python inaiacha hai, na wanafunzi wataanza kuitegemea.