Kuingiza watoto wa P5 (darasa la tano) kwenye stoo ya makumbusho: nizingatie nini?

Mwalimu_Tororo
Habari zenu wakubwa. Makumbusho ya jamii huku kwetu mashariki mwa Uganda yamekubali kutufungulia stoo yenyewe, siyo ukumbi wa maonyesho tu. Nina watoto 42 wa P5, wa miaka 10 hadi 12, na walimu ni wawili. Stoo ni chumba kimoja chenye rafu za mbao pande zote mbili na njia katikati. Kuna ngoma, adungu (aina ya kinubi), vyungu, vibuyu vya maziwa, mikuki na mishale, nguo za magome, na wanyama wachache waliokaushwa. Waingie wangapi kwa mara moja? Washike nini? Niwape kazi gani wasizubae? Nasikia huko London siku hizi mgeni anaagiza kitu cha stoo na kuletewa mezani. Sisi je?

MtunzaStoo
Mwalimu, 42 kwa pamoja hapana, hata wawe na adabu kiasi gani. Kama njia ina upana wa mita moja, ingiza saba, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma. Hayo ni makundi sita. Kila kundi dakika 15 ndani na tano za kupishana, kwa hiyo panga saa mbili. Walimu wawili hawatoshi, omba wazazi wa kukaa na watakaokuwa nje.

Tatizo si kusukumana tu. Mtu mzima aliyetulia hutoa mvuke wa takriban gramu 50 kwa saa kwa pumzi na jasho, na stoo isiyo na hewa ya kupita huloa haraka. Unyevu ukipita asilimia 65 na kubaki hapo siku kadhaa, ukungu huanza kwenye ngozi za ngoma na kwenye nguo za magome. Mwambie mhusika aweke kipima unyevu karibu na mlango, siyo ndani ya kabati. Mshale ukipanda kutoka 58 hadi 63, simamisha makundi na uache chumba kipumue. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, usipeleke watoto kabisa.

Taa iwashwe pale tu kundi linapokuwa ndani. Nguo za magome, manyoya na ngozi zilizotiwa rangi zinatakiwa zisizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), lakini vyungu na vyuma havina shida na mwanga. Picha sawa, flashi izimwe.

Kuhusu London: unasema stoo ya makumbusho inayoitwa V&A East Storehouse, iliyofunguliwa 2025. Ina vitu zaidi ya 250,000 na kweli mgeni huagiza hadi vitano, wiki mbili kabla. Ila jengo limeandaliwa kwa kazi hiyo, na mfanyakazi huwa karibu na meza muda wote. Depot, stoo ya makumbusho huko Rotterdam, Uholanzi, iliyofunguliwa 2021, imegawa stoo zake kwa hali tano za hewa kulingana na aina ya vitu. Chumba chenu kimoja hakiwezi kuiga hayo. Igeni uagizaji tu: chagua vitu vitatu wiki mbili kabla, vitolewe asubuhi, viwekwe juu ya meza iliyotandikwa blanketi na shuka safi, na visirudi rafuni mpaka watoto wameondoka. Kila kuingiza na kutoa kwa haraka ndiko kunakovunja shingo za vyungu.

Nalongo_Jinja
Ssebo (bwana), umeongelea usalama wa vitu tu. Mimi nahofia watoto.

Wanyama na ndege waliokaushwa zamani walipakwa sumu ya aseniki ili wadudu wasiwale, na baadaye watu walinyunyiza dawa ya wadudu ya DDT. Aseniki haiishi nguvu. Ukiona unga mweupe kuzunguka macho, pua au mshono wa tumbo, usiguse na usipulize. Hata usipouona, chukulia kwamba upo. Msiwahamishe siku hiyo, maana mtatimua vumbi. Wafunikwe nailoni safi mapema, na kamba ipitishwe mbele yao mita moja.

Mishale ndiyo watu wanaisahau. Mingine ilipakwa sumu ya mti wa msunguti, na sumu hiyo hukaa na ukali wake miaka mingi. Utaiona kama lami nyeusi iliyokauka nyuma ya ncha. Ifungiwe sandukuni. Mikuki isisimamishwe mwisho wa rafu, ilazwe, ncha zikitazama ukuta.

Mtoto mwenye pumu abaki mezani nje, na asibaki peke yake akajiona ametengwa.

Jambo jingine: si kila kitu cha stoo ni cha macho ya watoto. Mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalirudishwa kutoka Cambridge mwaka 1962, na ndani yake mlikuwa na taya lake. Stoo ndogo nayo inaweza kuwa na kitu cha namna hiyo cha ukoo fulani. Waulizeni wazee wa hapo kabla, halafu kifunikwe bila kuwatangazia watoto.

Ssalongo_K
Kwa upande wa kazi: wape namba, usiwape majina. Kila kitu cha stoo kina namba ya usajili. Ukiandika 2011.3.8, maana yake ni kitu cha nane katika kundi la tatu lililopokelewa mwaka 2011. Kila mtoto apewe karatasi yenye namba mbili, atafute kwa macho, kisha achore kitu hicho na aandike kiko rafu gani. Penseli tu, biki zibaki kwenye basi, maana wino ukigusa gome hautoki. Chagua vitu vilivyo kati ya sentimita 80 na 130 kutoka sakafuni, vinginevyo watapanda rafu ya chini kama ngazi.

Vya kushika viwe vipya vya sokoni, visivyosajiliwa. Kizuri kuliko vyote ni kipande cha nguo ya gome la mti wa mutuba pamoja na nyundo za kulipondea. Nyundo hizo ni za mbao na zina mifereji: mipana ya kuanzia, ya kati, na myembamba ya kumalizia. Mwambie mtoto ashike gome pembeni ya dirisha, mwanga uje wa ubavuni, halafu alinganishe mistari na nyundo. Atajua mwenyewe ipi ilipita mwisho. Hapo dakika 15 zinaisha hujaongea neno.

Mwalimu_Tororo
Asanteni sana. Swali la mwisho: ninunue glavu za pamba za watoto?

MtunzaStoo
Usinunue. Pamba huteleza kwenye chungu na hunasa vijiti vya vikapu. Mikono safi mikavu inatosha kwa mbao, udongo na gome. Kwa chuma mhusika avae glavu za nitrili (aina ya mpira), watoto watazame.

Chakula ni baada ya ziara na mbali na mlango. Chembe za sumbusa na karanga huita panya na mende, na mabuu ya mbawakawa yakishaingia kwenye ngoma, ni kazi ya kuigandisha wiki nzima kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, umeme usikatike.

Nalongo_Jinja
Na usisahau, watoto wetu wanapakwa vaselini asubuhi mpaka kwenye vidole. Maji peke yake hayaiondoi. Sabuni, maji, taulo kavu, kisha wasubiri dakika tano kabla ya kugusa gome.