Tupeane uzoefu: kuishi miaka mingi na gari moja la familia

Mleta mada

Wanajamvi, salaam. Ninamiliki gari la familia la viti saba, lenye kuendeshwa kwa magurudumu manne, lililoundwa mwaka 2004, na huu ni mwaka wangu wa 12 nikiwa nalo. Geji inasoma kilomita 287,000. Mtoto niliyempakia humo akiwa mchanga sasa anafika kwenye klachi, na ameanza kuniuliza maswali ya gia. Nafungua mada hii kwa sababu mazungumzo mengi ya magari huwa ni ya kununua, ilhali kazi yenyewe huanza baada ya kununua. Namwomba kila mwenye gari la umri huo aeleze alichojifunza, akitaja kilichoharibika, dalili alizoziona na alichofanya.

Naanza mimi. Kosa langu kubwa lilikuwa kuhesabu kilomita peke yake. Kijitabu cha gari langu kinaelekeza mkanda wa taimingi, yaani ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni za injini, ubadilishwe kwa kilomita au kwa miaka, kipimo chochote kitakachotangulia. Nilikuwa nimetembea kilomita 60,000 tu tangu ulipobadilishwa, nikaona muda bado upo, nikasahau kwamba kilomita hizo zilinichukua miaka tisa. Fundi alipofungua kava tulikuta nyufa baina ya meno ya mkanda, toka mwanzo hadi mwisho. Katika injini nyingi za aina hiyo mkanda ukikatika, baadhi ya valvu hubaki zimefunguka wakati pistoni bado zinapanda, zikagongana, na kinachofuata ni kushusha silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Tulibadilisha mkanda, roli zake na pampu ya maji kwa pamoja, kwa kuwa pampu huendeshwa na mkanda huohuo na kazi ya kuifikia ilikuwa imekwisha kufanyika. Tangu siku hiyo ninaweka daftari ndani ya gari, na kila kitu kinachobadilishwa nakiandikia kilomita na tarehe. Mpira na vimiminika huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Mama wa watoto watatu

Ahsante kwa mada, ndugu. Mimi niliumizwa na matairi. Gari letu huendesha magurudumu yote manne muda wote, na matairi mawili ya mbele yalipoisha nilinunua mawili tu, nikiyaacha ya nyuma ambayo yalikuwa yamelika zaidi ya nusu. Baada ya wiki chache nilihisi gari linajishika kila nilipokata kona kali wakati wa kuegesha, kama mtu aliyekanyaga breki kidogo, na baada ya safari ndefu kulikuwa na harufu ya oili iliyoungua chini ya sakafu. Fundi alinieleza kwamba tairi lililolika lina mzingo mdogo kuliko jipya, kwa hiyo ekseli za mbele na za nyuma zilikuwa zinazunguka kwa kasi tofauti hata kwenye barabara iliyonyooka, na kiungo kinachozigawia nguvu kilikuwa kinafanya kazi bila kupumzika hadi kikapata joto. Kilinusurika kwa sababu niliwahi. Sasa ninabadilisha yote manne kwa pamoja, na kila kilomita 10,000 yanahamishwa nafasi ili yalike sawasawa.

Jambo jingine ni tairi la akiba. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. La kwetu lilikuwa na umri wa miaka 13, halijawahi kugusa barabara, nalo lilikuwa limepasuka kwenye mashavu. Nilikuwa nikisafiri na watoto nikiamini lipo.

Fundi wa gereji, miaka 22

Wote wawili mmesema kweli, nami naomba niongeze kwa kirefu kuhusu joto, kwa sababu hilo ndilo ninaloliona likiua injini za magari ya umri huu kuliko wingi wa kilomita.

Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, si maji ya rangi. Ina dawa ya kuzuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi huchemka kwenye nyuzi 107 hivi badala ya 100. Mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko cha rejeta huipandisha zaidi ya 120. Ndiyo maana kifuniko kilichochoka, kitu kinachobadilishwa kwa dakika moja, kinaweza kulifanya gari lichemshe likiwa limepakia familia na mizigo kwenye mlima mrefu, ingawa rejeta, feni na pampu ni vizima. Mwenye kujaza maji matupu mwaka hadi mwaka huozesha njia za ndani za alumini, na siku rejeta ikizibuliwa hutoka tope la rangi ya kutu.

Geji ya joto nayo isiwalaze usingizi. Katika magari mengi mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, hivyo ukiuona umeinuka, jambo limekwisha kuanza muda uliopita. Simameni, zimeni injini, subirini ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko. Wateja wengi walioniletea silinda hedi zilizopinda waliuona mshale, wakaamua wafike kwanza.

Kuna jambo ambalo ni lazima niliseme ingawa linatuhusu sisi mafundi wenyewe. Wengi wetu tumekuwa tukiing'oa termostati, yaani valvu inayozuia kulanti kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, gari likichemsha, tukiamini tunamsaidia mteja. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo na nimeacha. Injini isiyofikia joto lake la kazi, ambalo kwa kawaida huwa karibu na nyuzi 90, hula mafuta mengi, kwa kuwa kompyuta hudhani bado ni ya baridi na huendelea kuongeza petroli. Oili nayo hukusanya unyevu na kuharibika mapema. Tena chanzo cha kuchemsha hubaki palepale. Fundi akipendekeza kuing'oa, mwombeni atafute tatizo.

Mmiliki wa pili wa gari

Mimi naomba ushauri na kutoa ushuhuda. Nilinunua gari likiwa na kilomita 190,000 bila rekodi yoyote, na giaboksi ya otomatiki ilikuwa inatetemeka kidogo ilipopanda gia ya tatu. Mmoja aliniambia nisiiguse oili, mwingine akanishauri nisafishe yote kwa mashine. Nilichagua njia ya kati, yaani kumwaga kwa boliti ya chini na kujaza kiasi kilekile kilichotoka, kisha kurudia mara mbili zaidi kwa kupishanisha wiki tatu. Kila mara hutoka sehemu tu ya oili, kwa sababu nyingine hubaki ndani ya toki konveta, yaani kiungo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Mtetemo ulipungua baada ya mara ya pili, ukaisha baada ya ya tatu, na sasa nimefika kilomita 231,000.

Fundi wa gereji, miaka 22

Ulifanya vyema, ila wenzangu wasidhani matokeo yatakuwa hayohayo kwa kila gari. Oili ya kwanza kutoka ikiwa nyeusi, yenye harufu ya kuungua na chembechembe, ujue klachi za ndani zimekwisha kulika, na hakuna oili itakayozirudisha. Hakikisha pia aina ya oili ni ile iliyoandikwa kwenye kijitabu, kwa sababu hapo hakuna oili ya jumla.

Baba wa mapacha

Nitasema machache kuhusu usalama. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi kufikia 155, na kwenye mteremko mrefu pedali inaweza kuzama. Naibadilisha kila miaka miwili. Pili, ingizeni namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliitwa irudishwe duniani kote, na kwa Marekani pekee ni takribani milioni 67, kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Magari mengi ya kundi hilo ni ya umri wa haya tunayoyazungumzia, na mwenye gari mara nyingi ni wa tatu au wa nne, kwa hiyo barua ya onyo haikumfikia.

Aliyeachana na gari lake

Nimesoma yote kwa makini, nami natoa upande wa pili. Gari langu la miaka 19 nililitunza injini kama jicho, oili kila kilomita 5,000, nikaifanyia ovaholi, nikabadilisha shokapu na bushi zote. Sikuwahi kutazama chini. Siku moja fundi wa matairi aliliinua, akaniita, akapitisha bisibisi kwenye fremu karibu na kishikio cha springi ya nyuma, ikaingia hadi mpini. Tope lililokaa ndani ya fremu kwa miaka lilikuwa limeila kutoka ndani, na rangi ya nje ilikuwa bado nzuri. Tulipima gharama na hatari ya kuunganisha kwa kuchomelea mahali panapobeba uzito wa watoto wangu, nikaamua lisirudi barabarani. Nilihuzunika, na bado nahuzunika, kwa sababu injini ilikuwa inawaka kwa mguso mmoja. Anayeuliza ni lini aachane na gari, aanzie chini ya sakafu kabla ya kufungua boneti.

Mleta mada

Ndugu, maelezo yako yalininyima raha. Leo asubuhi nililiweka gari juu ya stendi imara, nikaingia chini na kurunzi na nyundo ndogo, nikaigonga fremu hatua kwa hatua. Inalia sauti ya chuma kizima kila mahali, isipokuwa nyuma ya gurudumu la kulia, ambako kuna kutu ya juujuu ya ukubwa wa kiganja, na matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na udongo mkavu. Nimeyazibua, nikaiosha fremu kwa ndani kwa mpira wa maji hadi maji yakatoka meupe, na nimeandika tarehe katika daftari. Jumamosi nitaikwangua kutu na kuipaka dawa. Fundi, naomba uniambie, nta ya ndani ya fremu niipulize siku hiyohiyo, au nisubiri dawa ikauke kwanza?

Fundi wa gereji, miaka 22

Subiri ikauke kabisa, na fremu yenyewe iwe kavu ndani. Ukipuliza nta juu ya unyevu utakuwa umeufungia humohumo.