Mjadala: Je, bima imtibu majeruhi wa ajali kabla mahakama haijasema nani alikosa?

Mtoa mada

Wanajamvi, naomba tujadili jambo moja na tusilitoke. Je, kampuni iliyotoa bima ya chombo kilichohusika katika ajali ilazimishwe na sheria kulipia matibabu ya majeruhi tangu siku za mwanzo, kwa viwango vilivyopangwa, bila kusubiri mahakama iamue dereva yupi alikosa? Msimamo wangu ni ndiyo, ingawa najua wapo humu mawakili na watu wa bima ambao hawataupenda.

Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, inakataza chombo cha moto kuingia barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu, hii tunayoiita bima ndogo, ambayo mwenye gari dogo la kutembelea huikata kwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Wengi wetu tunaikata kwa kumwogopa trafiki, na stika ikishasomeka kwenye simu yake tunaona shughuli imekwisha. Fedha hizo zimekusudiwa mtu tusiyemjua, ambaye siku moja huenda tukamgonga. Mtu huyo ndiye anayesumbuka kuzipata, kwa kuwa hana mkataba na kampuni, na wajibu ambao sheria inaibebesha kampuni ni wa kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake.

Ni kweli kwamba kampuni hupokea madai na kuyamaliza nje ya mahakama. Lakini hebu tuliangalie faili lenyewe. Majeruhi aliyevunjika paja atatakiwa alete PF 3, fomu ya polisi ya matibabu, iliyojazwa na polisi sehemu yake na daktari sehemu yake, ramani ya eneo la ajali, fomu nyingine za polisi kuhusu ajali, namba 90, 93 na 115, hati ya mashtaka, nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu, na stakabadhi zote za hospitali. Karatasi hizi hazitoki dirisha moja, na anayezihangaikia ni mtu ambaye bado anatembelea magongo, au mke wake aliyefunga genge la mboga ili apate muda wa kuzunguka ofisi. Dereva akikana kosa, kesi ya trafiki huahirishwa na kuahirishwa tena, na madai yote hubaki yanaisubiri.

Sasa chukueni basi moja lililopinduka. Utingo aliyeajiriwa kwa mkataba, ambaye mwajiri wake anamchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015, atatibiwa na kulipwa bila mtu kumwuliza kama dereva alikuwa mzembe. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini. Abiria aliyekaa kiti cha pili nyuma yake, ameumia mguu uleule, inampasa athibitishe uzembe. Kama tumekubali kanuni ya kwanza kwa mfanyakazi, sioni tunachokihofia kwa abiria. Sisemi tufute haki ya kushtaki. Nasema matibabu yalipwe kwanza, na lawama tuigombanie baadaye.

Wakili wa Nyanda za Juu

Ndugu mtoa mada, nakupongeza kwa kuiweka hoja wazi, lakini naipinga, na ninaipinga nikiwa upande wa majeruhi.

Neno linalonitisha katika andiko lako ni «viwango vilivyopangwa». Kiwango kikishaandikwa katika sheria kama cha kuanzia, kesho yake kampuni itakinukuu kama cha mwisho. Majirani zetu wa Kenya walishapita huko: marekebisho ya mwaka 2013 ya sheria yao ya bima ya magari, Sura ya 405, yaliweka jedwali la fidia kwa kila aina ya jeraha, Chama cha Wanasheria kikaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 jedwali hilo likaonekana kukiuka Katiba yao. Kidole cha fundi cherehani na kidole cha mlinzi wa usiku ni kimoja katika jedwali, wala si kimoja katika maisha ya wenyewe. Hakimu anaweza kuiona tofauti hiyo. Jedwali haliwezi.

Pili, unaposema tatizo ni kuthibitisha uzembe, sikubaliani nawe. Mimi nimesimamia madai ya namna hii kwa miaka mingi, na yale yanayoanguka mara nyingi huangushwa na mambo mawili yasiyohusiana na uzembe. La kwanza ni stakabadhi. Mahakama zetu zinatofautisha hasara mahususi, yaani dawa, nauli, vyuma vya kuunga mfupa na mshahara uliopotea, na fidia ya jumla ya maumivu na kilema. Hasara mahususi lazima itajwe moja moja katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, kanuni iliyosisitizwa na Mahakama ya Rufani katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992. Mteja ananieleza kwamba alitumia milioni nne, na anapofungua mfuko wa plastiki mnakuwa na karatasi za laki saba, nusu yake wino umefutika. La pili ni muda. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la madhara, yaani la kumdai fidia aliyekuumiza, linafunguliwa ndani ya miaka mitatu. Watu wengi wanaamini kwamba kesi ya trafiki ikiwa inaendelea basi saa imesimama, kumbe inakwenda.

Nyongeza moja kwa faida ya wasomaji: hukumu ya kumtia dereva hatiani kwa kawaida haimpi majeruhi shilingi. Faini inakwenda serikalini. Kazi ya hukumu hiyo ni kumrahisishia majeruhi kuthibitisha uzembe katika shauri la madai, jambo ambalo ni msaada mkubwa, lakini shauri hilo sharti alifungue mwenyewe.

Afisa Madai, Dar es Salaam

Salaam kwenu nyote. Mimi nakaa upande wa pili wa meza, kwa hiyo nitasema yale ambayo wengine hawatayasema.

Mtoa mada anataka huduma mpya kwa bei ya zamani. Kampuni ikilazimishwa kulipia kila mfupa uliovunjika, hata ule wa mwendesha pikipiki aliyeingia mwenyewe katika upande usio wake, bima ndogo haitabaki 118,000. Je, wenye vyombo wako tayari? Na mwenye bodaboda ambaye leo anatembea na stika iliyokwisha muda, atakata bima iliyopanda bei? Hapo ndipo penye shimo kubwa: majeruhi aliyegongwa na chombo kisicho na bima, au kilichokimbia, hana kampuni ya kuidai, na pendekezo lako halimgusi hata kidogo.

Nchi nyingine zimeliziba shimo hilo kwa mfuko. New Zealand tangu mwaka 1974 inamlipa kila aliyeumia kwa ajali bila kuuliza kosa, na kwa malipo hayo raia wameiacha haki ya kushtaki kwa ajili ya jeraha. Afrika Kusini ina mfuko wa ajali za barabarani, Road Accident Fund, unaokusanya zaidi ya randi mbili kwa kila lita ya mafuta, na bado kwa miaka mingi madeni yake yameuzidi uwezo wake. Hapa kwetu mwaka 2023 tuliongezewa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati, na kila mtu anakumbuka tulivyolalamika. Anayetaka mfuko aseme fedha zitatoka wapi.

Kuhusu karatasi, sitajitetea sana. Kampuni inazihitaji kwa sababu madai ya kughushi yapo, na kuna watu wanaozunguka wodini wakiwasainisha wagonjwa mikataba ya kuwafuatilia fidia kwa mgawo wa nusu kwa nusu. Hata hivyo nakiri kwamba faili lililokamilika halipaswi kukaa mezani, na mdai anayezungushwa anaweza kulalamika kwa TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako hahitaji wakili. Wachache mno wanapajua.

Dada wa Kibaha

Habari zenu, kaka zangu. Nimesoma yote, na naona mnajadili barabara ambayo watu wengi hawaifikii. Nyinyi mnaanzia kwenye faili. Huku kwetu mambo huishia kwenye «tuyamalize».

Shemeji yangu alikuwa abiria wa bodaboda iliyogongwa kwa nyuma na gari la mtu binafsi. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui. Siku ya tatu mwenye gari alikuja kituoni na wazee wawili wenye maneno matamu, wakamkuta baba mdogo wa majeruhi, na karatasi ikaandikwa pale benchini, kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la shule: «Nimepokea shilingi laki tatu za matibabu, na sisi kama familia hatutadai tena popote.» Baba mdogo akasaini, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, gari likaachiwa. Shemeji alifungwa hogo, mguu ukaunga vibaya, ukafunguliwa na kuwekewa vyuma. Sasa kila tukimpigia mwenye gari anatukumbusha ile karatasi. Stika yake ilikuwa hai kabisa siku ya ajali, na kampuni yake ya bima haikuwahi kuambiwa lolote.

Swali langu ni kwa wakili: karatasi ile imetufunga?

Wakili wa Nyanda za Juu

Dada, pole sana kwenu, na mpe pole shemeji. Bila kuiona karatasi yenyewe, naweza kusema hivi. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwafunga watu walioyaridhia kwa hiari na wenye uwezo wa kuyaingia. Shemeji yako hakusaini, hakuwa na fahamu, na hakumpa baba mdogo mamlaka ya kumwakilisha. Mtu mzima haki yake ya kudai ni yake, si ya ukoo. Zile laki tatu zitapunguzwa katika atakachopewa, basi. Kilicho muhimu zaidi ni tarehe ya ajali. Kama miaka mitatu haijatimia, nendeni kwa wakili au kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi mapema, kwa sababu ikija kusema haikuwa na habari ya shauri, hukumu yenu itapata tabu kulipwa. Namba ya gari inatosha kuitambua kampuni. Kumbukumbu za stika ziko katika mfumo wa TIRA.

Jambo la karatasi lingekuwa gumu zaidi kama angesaini mwenyewe akiwa na akili zake, na wengi husaini.

Mtoa mada

Nimemsikiliza Dada wa Kibaha, na naona hoja yangu ilikuwa na pengo ambalo si wakili wala afisa aliyeligusa. Hata tukiifanya kampuni ilipe matibabu kesho asubuhi, haitalipa ajali ambayo haikuripotiwa kwake. Kwa hiyo naongeza pendekezo: makubaliano yoyote ya kuacha madai, yakisainiwa kabla daktari hajaandika kwamba matibabu yamefikia mwisho, yawe batili kisheria, hata kama majeruhi amesaini mwenyewe. Siku ya tatu hakuna anayejua mguu utaungaje. Daktari mwenyewe hajui.

Kwako Wakili msomi: hofu yako ya jedwali kuwa dari naikubali kwa fidia ya kilema na maumivu, lakini siikubali kwa matibabu, kwa sababu gharama za hospitali za umma zina bei iliyobandikwa ukutani, na hakuna busara ya hakimu inayohitajika kuisoma. Malipo hayo yakienda moja kwa moja kutoka kampuni hadi hospitali, lile tatizo lako la stakabadhi zilizofutika wino linapungua pia.

Afisa Madai, Dar es Salaam

Malipo ya moja kwa moja kwa hospitali ya umma, yenye ukomo, na kampuni ikabaki na haki ya kumrudia aliyekosa na kumdai ilicholipa: hilo linahesabika, na nadhani hata wakubwa wangu wangekaa kulijadili. Bei ya bima itapanda kidogo, lakini itajulikana imepanda kwa sababu gani.

Lile la kubatilisha makubaliano ndilo sikubaliani nalo. Mwenye gari akijua kwamba karatasi haitamkinga, hatatoa hata hizo laki tatu, na kwa familia nyingi hizo ndizo fedha pekee zinazopatikana wiki ya kwanza, wakati hospitali inadai malipo ya awali. Mtawanyang'anya kidogo cha haraka kwa ahadi ya kingi cha mbali.

Dada wa Kibaha

Kaka Afisa, mwenye gari hakutoa laki tatu kwa ajili ya karatasi. Alizitoa kwa sababu gari lake lilikuwa limezuiliwa kituoni na lilikuwa likimwingizia fedha kila siku. Lilipotoka tu, simu ikawa haipokelewi. Basi wekeni masharti hapo: gari likaguliwe kama kawaida, lakini lisiachiwe hadi faili la polisi liwe na barua ya kampuni ya bima inayosema imepokea taarifa ya ajali na majina ya majeruhi wote. Barua ya ukurasa mmoja. Mwenye gari ataifuata yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kwa sababu ndiye mwenye haraka.

Wakili wa Nyanda za Juu

Hilo linaweza kufanyika kwa kanuni tu, bila kusubiri Bunge liifungue Sura ya 169. Naliunga mkono. Kuhusu viwango, mimi na mtoa mada bado hatujakubaliana.